Mashina Arobaini na Moja

Waliposhuka basi asubuhi hiyo ya Agosti 1984, Laban alishika njia ya nyumbani na mkewe Khavere akashika njia ya mtoni, mzigo ungali mgongoni. Walikuwa wamekaa Maragoli majuma mawili na siku tatu kwa mazishi ya mama yake Laban. Kwa muda wote huo Khavere hakuwa na wasiwasi mkubwa juu ya binti zake watatu. Alijua walikoachwa watakula. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya bustani yake ya mboga, ya sukuma wiki.

Bustani ilikuwa nyuma ya jengo la mwisho la mtaa wa Huruma, Nairobi, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea Mto Mathare. Ni kipande cha ukubwa wa vyumba viwili, kimezungushiwa matawi ya miiba na vipande vya mabati. Siku zote mtu aliyetokea juu alianza kuona vichwa: majani mapana, kijani kilichokolea, yamekaa juu ya mashina marefu kama fimbo, mengine yakimpita Laban kimo. Siku hiyo Khavere aliona mto moja kwa moja. Hapakuwa na kitu cha kuuziba.

Mashina yote yalikuwa yamekatwa. Yalikatwa kimo cha goti, kwa panga lililonolewa, mkato wa mshazari, kila moja kama jingine. Chini ya kila kisiki palitandazwa nyasi kavu. Hii haikuwa kazi ya mwizi. Mwizi huchuma ovyo na kukimbia. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyekuwa na siku nzima na nia njema, na hilo ndilo lililomfanya Khavere aketi chini na mzigo wake.

Alihesabu visiki, ingawa hakuhitaji. Vilikuwa arobaini na kimoja.

Miaka minane nyuma mashina yalikuwa matatu. Mwaka 1976 mama mkwe alimfungia machipukizi matatu ndani ya jani la mgomba na kumwambia asiyaweke chini mpaka afike Nairobi. Hazikuwa sukuma za mbegu, zile zinazopandwa, zikachumwa msimu mmoja, zikatoa maua na kung'olewa. Hizi zilikaa. Kikongwe huyo alizipokea kutoka kwa mama mkwe wake mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka mbegu yake. Ukitaka mpya, unasubiri chipukizi litokee ubavuni mwa shina, unalibandua pamoja na kisigino chake, unaliacha kivulini nusu siku, kisha unalipanda. Ukitaka kula, unachuma majani ya chini, mawili au matatu kwa kila shina, na kuvunjia chini kidogo ili yasichubue ngozi ya shina. Kichwa hakiguswi. Mtu akila kichwa amekula shina.

Khavere alifuata sheria hizo kama watu wengine wanavyofuata saa ya kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye maneno machache, na alilijua kila shina: lililopenda kuegemea upande wa mto, lililotoa majani yenye mikunjo, lililoliwa na mbuzi mwaka 1979 likapona. Laban alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu bibi nilimwolea nyumbani, lakini yeye aliolewa na sukuma huku huku." Hiyo ilikuwa wakati Laban angali na kazi katika kiwanda cha sabuni.

Kazi iliisha mwaka 1982. Tangu hapo Laban alikwenda kila asubuhi kusimama kwenye malango ya viwanda, na mara nyingi alirudi jinsi alivyokwenda. Bustani ikawa ndiyo mwajiriwa wa nyumba. Majani yalikwenda kwenye kinu cha posho na unga ukarudi. Yalikwenda kwa mwenye duka na chumvi na mafuta ya taa yakarudi. Yaliyobaki yaliingia sufuriani. Mvua ya masika ya 1984 ilipokosa kunyesha na bustani za wengine kando ya mto zikageuka vumbi, ya Khavere ilisimama, kwa sababu aliteka maji kwa debe asubuhi na jioni na kulipimia kila shina mkebe mmoja. Watu walianza kula unga wa mahindi ya manjano na kuulalamikia harufu. Nyumba ya Khavere iliula pia, lakini iliula na mboga.

Ndipo ilipokuja habari ya msiba. Huko mazishini waombolezaji walikuwa wengi na chakula kilikuwa kidogo, na siku ya tatu akina mama waliingia katika bustani ya marehemu wakamaliza kila kitu, vichwa na mashina. Khavere aliwaangalia tu. Alijiambia kwamba mbegu ya nyumba hiyo iko salama Huruma.

Na usiku wa kuagana, Laban alimwambia mkewe jambo ambalo ndugu zake walikuwa wakilinong'ona. "Boma la mama halina mtu. Hapa tunajishikilia kwa mboga tu. Ile bustani ikishindwa, Mama Beldina, wewe na watoto mtarudi nyumbani."

Khavere aliwajua wanawake waliorudishwa nyumbani hivyo. Mwaka wa kwanza bwana huja Krismasi. Mwaka wa pili hutuma barua. Baadaye watu hukutana naye mjini, na salamu zinazorudi kijijini huwa na jina la mwanamke mwingine ndani yake. Hakumwambia Laban hayo. Alimwambia, "Haitashindwa."

Sasa aliinuka kati ya visiki na kupanda mlima mfupi hadi kwa jirani yake Syombua, Mkamba mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa ameachiwa watoto na bustani. Syombua alikuwa akifua mlangoni, povu hadi viwiko.

"Mama Beldina! Mmefika! Poleni na safari, poleni na msiba. Watoto wako wazima, wamenimalizia muthokoi wote, sikujua Waluhya wanaanza kula hivi tangu udogoni..."

"Mama Koki, nani aliingia shambani?"

"Shambani? Si ni mimi. Si uliniambia nipunguze?"

Khavere alitua mzigo chini.

"Zililegea wiki ya kwanza," Syombua akaendelea, kicheko kikipungua. "Halafu wadudu wakaja, wale wadogo wa kijivu, wakajaa vichwani. Maji yenyewe mtoni yamekuwa kamasi. Nikakumbuka ulivyosema: ukiona jua linazizidi, punguza. Nikapunguza."

"Nilisema upunguze majani."

"Hukusema majani."

"Mboga inapunguzwa nini kingine kama si majani?"

"Wui, Mama Beldina! Kwetu Mwala mbaazi zikishazaa na jua likiwa kali, tunazipunguza hivyo hivyo, kwa goti. Mzizi unapumzika. Mvua ikija inachipua zaidi ya kwanza. Hata panga nilipeleka kwa Makau akaninolea, nisije nikazipasua."

"Sukuma si mbaazi."

"Sasa mimi ningejua aje? Mti ni mti."

"Huko si kupunguza. Huko ni kuchinja."

Syombua alitoa mikono majini. Wakati huo Koki, binti yake, alikuwa amesimama na kukodoa macho, na wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo upande wa pili waliacha kuanika. Khavere hakupaza sauti. Aliuliza vichwa viko wapi.

Majani yaliliwa, Syombua alisema, na watoto wa nyumba zote mbili, na mengine akawapa majirani kwa jina la Khavere, wakashukuru sana. Mashina yalikwenda kwa Makau. Sungura wake walikuwa na njaa.

Makau alikuwa mchongaji wa twiga na vifaru vya kuuzia watalii, na kibanda chake kilikuwa mwisho wa safu ya majengo. Nyuma ya kibanda alifuga sungura. Alipomwona Khavere akipiga magoti kwenye lundo la samadi na kuanza kuchimba kwa mikono, aliweka tezo chini.

"Mama, polepole hapo. Miaka kumi na miwili nachonga, watu wameniibia patasi, wameniibia hata twiga bila miguu. Lakini mavi ya sungura, wewe ndiye wa kwanza."

Khavere aliendelea kuchimba. Mashina mengi yalikuwa yametafunwa au kukauka hadi kuwa kamba. Lakini chini ya lundo, samadi ilikuwa na unyevu, na huko alipata vipande ambavyo ncha zake zilikuwa bado na ukijani. Alipata tisa. Makau alimpa gunia la kuvibebea na akaongeza, safari hii bila mzaha, kwamba angejua asingewapa sungura hata kimoja.

Alivipanda siku hiyo hiyo. Alikata upya kila kipande mahali palipo hai, akaondoa kila jani lililooza, akachimba mashimo karibu karibu kwenye kona moja ili awe na mahali padogo pa kumwagilia. Juu yake alihitaji kivuli. Alikuwa na vijiti vitatu na gunia la Makau, na pembe ya nne aliifunga kwenye kisiki kimoja kilichokuwa pale konani.

Vijana waliokuwa wakicheza drafti ukingoni walimtazama akibeba debe la maji yanayonuka.

"Niaje, mathe! Unamwagilia kuni?"

"Mwache, ikimea kuni si atatuuzia makaa!"

Siku ya tatu mafuta ya taa yaliisha nyumbani. Khavere aliteremka bustanini asubuhi, akasimama mbele ya visiki vyake vilivyopangwa vizuri na nyasi zake zilizotandazwa vizuri, na hasira aliyokuwa ameibeba bila kuitua ikapata kazi ya kufanya. Aling'oa kisiki cha kwanza. Kilikuwa kigumu. Mizizi ilishikilia ardhi kama inayogombea, na ilipotoka ilikuwa myeupe na yenye maji. Alidhani ni ukaidi wa ardhi iliyokauka. Aling'oa cha pili na cha tatu, na kufikia saa sita alikuwa ameng'oa kila kisiki isipokuwa kile kilichoshikilia kamba ya gunia. Alivianika juu ya mabati. Baada ya wiki vilikuwa vimekauka vya kutosha, na kwa siku kumi na nne alivipikia uji na ugali kwenye jiko la mawe nyuma ya jengo. Beldina, binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alisema moshi wake unanuka mboga.

Septemba ilikuwa ya baridi asubuhi na vumbi mchana. Walikula ugali wa manjano na chumvi. Siku nyingine walikula ugali na maji yaliyochemshwa na chumvi, ili kuwe na kitu cha kuchovya. Mwenye kinu cha posho, ambaye alikuwa amezoea majani yake, alimwambia Khavere kwa upole kwamba unga nao unanunuliwa. Binti mdogo alianza kupasuka pembe za mdomo. Kila asubuhi Khavere alinyanyua gunia na kuangalia vile vipande tisa. Viwili vilioza wiki ya kwanza. Vitatu vilijikunja na kufa wiki ya pili, bila kuonyesha kwanza dalili yoyote ya kufa. Alianza kuvitekea maji ya bomba, akipanga foleni tangu alfajiri, akiogopa kwamba maji ya mto ndiyo yanayoviua.

Syombua hakurudi kuomba msamaha kwa maneno. Alimtuma Koki na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, limefunikwa sahani. Watoto walikula. Baada ya wiki akatuma jingine, na baadaye la tatu.

Katika majengo yale bakuli la mtu halirudi likiwa tupu. Hiyo haikuwa sheria iliyosemwa na yeyote, na haikuwa na kabila. Uliletewa maharagwe, ulirudisha nyanya mbili, au kitunguu, au chumvi kwenye karatasi. Kwa miaka minane mabakuli ya Syombua yalirudi kwake yakiwa na sukuma iliyofungwa kwa uzi wa gunia. Sasa Khavere hakuwa na cha kutia ndani. Aliyaosha, akayapanga juu ya kabati yakiwa matatu, moja ndani ya jingine, na kila alipoingia chumbani aliyaona. Ng'ambo ya ukuta, Syombua alihesabu mabakuli yasiyorudi na akaelewa vingine. Alielewa kwamba jirani yake amekataa hata kumrudishia vyombo. Bakuli la nne halikuja. Wakawa wanapishana bombani wakitazama ndoo zao.

"Unamnunia Mama Koki mpaka lini?" Laban aliuliza jioni moja.

"Sijanuna. Sina cha kumrudishia."

"Basi mrudishie vyombo tu."

"Vyombo tu? Ndiyo majirani wasikie nimemtupia?"

Laban aliwasha kipande cha sigara alichokihifadhi tangu asubuhi. Alikuwa amekonda kiasi cha mkanda wake kuhitaji tundu jipya, na alilitoboa mwenyewe kwa msumari. "Vile vipande vyako vimebaki vingapi?"

"Viwili."

"Shule zikifungwa Desemba," alisema, "mtakwenda." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, wala si ya mtu anayeamuru, na kwa hiyo Khavere hakupata mahali pa kubishana.

Cha nane kilikufa siku iliyofuata. Cha tisa kilikuwa na majani mawili madogo, na Khavere alikaa nacho kama anavyokaa na mtoto mwenye homa. Katikati ya Oktoba mvua ilikuja. Ilikuja yote kwa pamoja, usiku na mchana, na maji yalishuka kutoka majengoni yakabeba udongo wa juu wa kona ile ya bustani, gunia, vijiti, na kipande cha tisa. Asubuhi Khavere alitafuta kando ya mto hadi sketi ikalowa mpaka kiunoni. Hakukiona.

Siku nne hakwenda tena. Ya tano alikwenda kuchukua mabati, kwa sababu paa la choo lilikuwa linavuja na hakukuwa na sababu ya kuyaacha pale. Alipokuwa akivuta la mwisho aliona kamba ya gunia. Ilikuwa bado imefungwa kwenye kisiki kilichokuwa nguzo, kile pekee ambacho hakukiuliza chochote wala kukipa hata mkebe mmoja wa maji. Chini ya kamba, kwenye makovu ya majani ya zamani, palikuwa na vinundu vya kijani vilivyojaa kama punje za mtama. Aliinama. Alivigusa kwa ukucha. Kimoja kilikuwa kimeshafunguka, na ndani yake palikuwa na jani lenye mikunjo, refu kama kucha yenyewe.

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, hakuketi chini kama mwezi Agosti. Alibaki ameinama hivyo hivyo, mkono mmoja kwenye kisiki, akikumbuka mizizi myeupe yenye maji, na jinsi ilivyokataa kutoka. Arobaini. Alivipikia uji.

Alipanda nyumbani, akateremsha mabakuli matatu kutoka juu ya kabati, na kwenda nayo kwa Syombua yakiwa matupu. Syombua alimwona mlangoni, akaona mabakuli, na uso wake ukajikunja.

"Mama Koki, nimekuja mikono mitupu. Usinihesabie. Toka uone kitu."

"Kitu gani?"

"Toka tu."

Waliteremka pamoja kwenye utelezi, wakishikana viwiko kwa lazima. Syombua alichuchumaa mbele ya kisiki, akakitazama juu hadi chini, na Khavere akangoja aambiwe alichostahili kuambiwa. Mwala, mbaazi, kimo cha goti. Syombua alikuwa na haki ya kulisema lote hilo kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wacheza drafti.

"Vile vingine viko wapi?" Syombua aliuliza.

"Niling'oa. Nikapikia."

"Vyote?"

"Vyote."

Syombua aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akasema, "Wui, Mama Beldina," kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

Kisiki kilitoa machipukizi matatu. Kufikia mwisho wa Novemba yalikuwa marefu kama kiganja. Chakula hakikuwamo humo. Laban hakubadilisha alilosema, na Khavere hakumwomba, kwa kuwa hesabu ya nyumba alikuwa akiijua kuliko yeye. Shule zilifungwa siku ya Ijumaa na tiketi zilikuwa za Jumatatu, za watu wanne. Laban angebaki, ahamie kwenye chumba cha watu wawili wengine.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi, Khavere alibandua machipukizi mawili pamoja na visigino vyake, akayafunga katika kitambaa chenye maji na kuyatia ndani ya bakuli la bati alilopewa na Syombua. La tatu aliliacha kwenye kisiki. Syombua alisimama kando yake na koti la mvua begani.

Khavere hakumwachia maagizo ya mdomo. Alichukua kidole cha jirani yake na kukiweka kwenye jani la chini kabisa.

"Hili. Na hili. Likishakuwa na majani manane."

"Hili na hili," Syombua alirudia. "Na kichwa?"

"Kichwa usiguse."

"Hata jua likizidi?"

Khavere alifikiri. Aliangalia kisiki, mkato wake wa mshazari uliokuwa umekauka na kuwa mweusi, na chipukizi lililotokea chini yake.

"Jua likizidi," alisema, "fanya unavyojua."

Katika basi Beldina alikaa dirishani na bakuli mapajani. Maji yalikuwa yakipenya kitambaa na kudondoka juu ya sare yake ya shule, ambayo alikataa kuivua ingawa hakukuwa na shule. Baba yao alisimama stendi, mikono mifukoni, na basi lilipoanza kurudi nyuma alitoa mkono mmoja. Watoto wadogo walimpungia. Khavere alimtazama mpaka basi likakata kona, kisha akatazama bakuli. Jani moja lilikuwa limeanza kulegea.

"Mama," Beldina alisema, "zitafika?"

Khavere alinyanyua pembe ya kitambaa, akairudisha, akaikandamiza vizuri.

"Sijui," alisema.